Shibe Iliyochelewa Kufika Gitega

Mkitaka kunicheka, nichekeni leo mmalize, maana nimechoka kukisikia kisa hiki kwa watu ambao hata hawakuwepo, kila mmoja anaongeza chumvi yake (yupo mmoja pale sokoni Buhinyuza anaapa kwa mama yake mzazi kwamba nilikula sufuria nzima pamoja na mfuniko), kwa hiyo nimeona bora aibu yangu niisimulie mimi mwenyewe, kwa sababu kama kuna kitu Mungu hakuninyima ni mdomo, na mdomo huohuo ndio ulioniponza.

Mimi ni Eliya, nafundisha lishe kwenye kituo cha afya cha kwetu, yaani akina mama wenye watoto waliokonda wakija, mimi ndiye ninayewaonyesha namna ya kuchanganya uji wa mtama na soya na karanga, na nikishaanza huwa siishii kwenye uji, naingia kwenye damu, naingia kwenye ubongo, nawapeleka mpaka kwenye homoni. Homoni nilizijulia Gitega, nilikopelekwa mafunzo, akatufundisha daktari mmoja mpole kwamba njaa si mambo ya tumbo peke yake, kwamba tumbo likiwa tupu linatoa kitu kinaitwa grelini, kinasafiri na damu mpaka kwenye ubongo kusema huku chini hakuna kitu, tena kina mazoea, kinapanda saa zilezile ulizozoea kula hata kama hakuna aliyekiita. Na mafuta ya mwili nayo yana mjumbe wao, leptini, anayeuambia ubongo kwamba akiba bado ipo. Halafu ukishakula, utumbo unatuma wajumbe wengine wa kusema basi, yatosha, ila hao hawana haraka kabisa, wanajikongoja, ndiyo maana mtu anayekula mbiombio anapitiliza shibe bila kuiona. Jamani, nilirudi Buhinyuza nimejaa! Mtu akiniambia ana njaa namjibu, "Huna njaa, una grelini," na niliamini kabisa, kwa moyo wote, kwamba mtu akishajua jina la kitu amekishinda.

Sasa mdogo wangu Daudi. Daudi ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache (mimi niliyachukua yote tulipozaliwa), na kazi za ujenzi zilimpeleka Gitega, huko akampata Nadine, binti mshonaji wa mtaa wa Yoba palepale mjini, wakapendana wakapendeza, ila baba wa binti akagoma. Hakugoma kwa ubaya, alisema tu kwamba Buhinyuza ni mbali, na hao ni Watanzania, hatuwajui desturi zao. Watanzania! Kule kwenye kambi ya wakimbizi tulikokulia, ng'ambo Tanzania, walituita Warundi kila siku ya Mungu, tukavuka mpaka pale Kobero na mabati yetu na kuku wetu tukishangilia kwamba sasa tumefika kwetu, na hatukumaliza hata msimu mmoja wa maharage tukawa Watanzania. Ilimuuma Daudi, ikamuuma mama zaidi, kwa sababu mama ndiye aliyetuambia miaka yote kwamba tuna kwetu.

Daudi alisubiri, Nadine akasubiri, shangazi za Nadine wakasema na kaka yao polepole, mpaka mzee akalegea: haya, waje waombe, tuwaone. Ndiyo siku yenyewe hiyo. Kuposa kwa huku (wenyewe tunaita gusaba) kunataka msemaji, mtu mzima wa heshima anayesimama kwa niaba ya upande wa mume na kuomba mke kwa maneno ya kupanga, na wazee wetu wa kufaa kazi hiyo wengi tuliwazika kule ng'ambo, baba yetu akiwa mmoja wao, kwa hiyo kikao cha ukoo kilipokaa kutafuta msemaji mimi nilisimama nikasema, "Niachieni mimi." Daudi akanitazama, akasema, "Kaka, hii ni mara moja tu. Yule mzee akikataa safari hii, hatarudi nyuma." Nikamwambia, "Mdogo wangu, mimi nikifungua mdomo, Nadine ameshafika Buhinyuza."

Asubuhi ya safari mama alikuwa ameamka mapema, amechemsha viazi vitamu kapu zima, na maharage pembeni, akasema kuleni, njia ni ndefu. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, kidogo tu, wa mtu mwenye elimu yake. Nikasema, "Hakuna kula."

Watu wakageuka. Nikawafafanulia kwamba tunakwenda kwenye sherehe, na sherehe ni pilau, nani hajui, kule kambini hata maskini wa mwisho akimwoza binti yake sufuria ilikuwa inatangulia kabla ya mchungaji, sasa tukifika Yoba tumbo limejaa viazi, tutakula nini, tutadonoadonoa wakwe waseme tunadharau chakula chao? Nikawaambia grelini ikija msiiogope, itawasumbua kidogo wakati wa kawaida wa kula, mkikaza roho inapungua yenyewe, mimi nimesoma. Mama akauliza kwa sauti ya chini, "Na kama hawakupika?"

"Mama! Sherehe bila chakula? Watu wa mjini wale, wenye nyumba ya matofali ya kuchoma!"

Mama yangu alikimbia nchi hii akiwa mgongoni mwa mtu, harusi zote alizoziona ukubwani ni za kambini, kwa hiyo hakuwa na ushahidi wa kunipinga. Akafunika viazi kwa jani la mgomba, akavitia kwenye mkoba wake, akasema, "Mi navibeba tu." (Lile "mi navibeba tu" mlikumbuke.)

Tulikodi basi dogo, tukafika Muyinga mjini dereva anasema mafuta hayatoshi mpaka Gitega, na mafuta siku hizo yalikuwa ya kutafutwa kwa kuulizana, basi nikashuka naye maana mwenye mdomo ni mimi, tukazunguka, tukapita palipokuwa panachomwa mishikaki ya mbuzi na ndizi, moshi unanifuata kama unanijua, nami nikapita kichwa juu, nikamwambia dereva, "Unaona? Hii ni grelini inajaribu." Dereva akaendelea kutafuna mahindi yake. Tuliporudi nikawakuta watu wangu wametulia kwenye viti vyao kwa adabu ya ajabu, shangazi mmoja anajipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge nikadhani ni vumbi, na njia nzima kupitia Karuzi nikawa nawahubiria jinsi mwili unavyotii ukiuelewa, hakuna aliyelalamika, hakuna aliyeuliza tutakula wapi, nikajisemea moyoni Eliya wewe, umefundisha mpaka ukoo mzima unatawala homoni!

Yoba walitupokea vizuri, lazima niseme haki. Hema limefungwa, viti vimepangwa pande mbili zinazotazamana, sisi huku wao kule, shangazi zao wamevaa wakavalika, fanta na bia zikaanza kugawiwa, na katikati chungu cha pombe ya mtama na ile mirija mirefu, imiheha, ya kunywea pamoja wazee wa pande mbili. Mimi nikaangalia sahani. Sahani hazikuonekana. Nikaangalia jikoni, jiko halitoi moshi. Wasiwasi ukaanza kunigusa bega, na papo hapo, wallahi, upepo ukageuka na harufu ya pilau ikaingia hemani, pilau ya nyama hasa, ya vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa hudhurungi, inatokea upande wa pili wa ua. Nikashusha pumzi. Kumbe wanapikia kwa jirani, kama tulivyozoea sisi, ili moshi usiwasumbue wageni! Nikamnong'oneza mama, "Umesikia harufu? Ulikuwa unasema nini?" Mama akanywa fanta yake.

Nikaitwa kusema. Nikasimama na koti langu (la kuazima, la mwalimu mwenzangu wa kituoni, mlikumbuke nalo), nikashika maikrofoni, na kwa kweli nilianza vizuri, siwafichi, Kirundi changu nilikifanyia mazoezi wiki mbili mbele ya mbuzi, nikawasalimu kwa daraja zao, nikasema tumepita kwenye bustani yao tukaona ua, mambo kama hayo, na shangazi zao wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali, hata Baba Nadine, mzee mrefu mwenye uso wa kufungwa, uso ukaanza kufunguka. Nikamaliza sehemu ya kwanza, nikashusha maikrofoni mpaka usawa wa mkanda ili nimsikilize Mzee Gaspari, msemaji wao, kaka mkubwa wa Baba Nadine, mtu wa utani na fimbo.

Ilikuwa mchana, saa yangu ya kila siku ya bugali na maharage pale kituoni. Grelini haikukosea njia. Na tumbo tupu, kama daktari alivyotufundisha, halikai limetulia, linajikunja na kujikunjua, na langu likajikunja likatoa mngurumo mrefu, wenye mwanzo, kati na mwisho, na maikrofoni ilikuwa palepale kwenye mkanda, ikauchukua wote ikautoa kwenye vipaza sauti viwili vya pembeni mpaka watu wa barabarani wakasikia.

Mzee Gaspari akatega sikio, akasema, "Bon. Kumbe ng'ombe wa mahari mmekuja naye leo leo? Tumemsikia, yuko hai."

Hema zima likacheka, nami nikacheka kwa sauti kuliko wote (hiyo ndiyo mbinu yangu), na nilipokuwa nacheka tumbo likarudia. Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Daudi alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee Gaspari akasema wanakwenda ndani kushauriana, ndiyo desturi, wanaingia wanajifanya wanabishana, wanatoka na jibu, na mimi nikaona hapohapo nafasi ya kujiokoa: nikalainishe tumbo kidogo, vijiko viwili vitatu, nirudi niseme sehemu ya pili kama mtu. Nikatoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kujisaidia, nikazunguka ua, nikafuata pua.

Nikaingia uwanja wa jirani nikakuta kweli masufuria, mikeka, watu wamevaa kanzu na kofia, nikasema moyoni hawa ndio wapishi waliokodiwa, safi sana, Waislamu ndio wenye pilau yao. Akainuka bibi mmoja mnene mwenye uso mkunjufu, baadaye nilijua anaitwa Bibi Zaituni, nami nikamwambia kwa mamlaka yangu yote, "Shikamoo, bibi. Mimi ndiye msemaji wa wageni. Nipimieni kidogo kabla ya wengine."

Mtu mwingine angeuliza msemaji gani, wageni gani. Bibi Zaituni hakuuliza chochote. Akasema, "Karibu, mwana, karibu, ikaa hapa na wenzako, mi siwezi acha mtu apite na harufu ya pilau yangu. Vua koti, mafuta itaharibu." Nikavua koti nikaliweka kwenye kiti, nikanawa, nikaketi kwenye sinia na wanaume watatu nisiowajua, na ndugu zangu, vile vijiko viwili vitatu sikuviona vilikopita. Nilikula. Nilikula kwa mkono uliokuwa unakwenda wenyewe, kila tonge linaita lingine, na kila siku nawafundisha akina mama kwamba mle polepole, mpeni utumbo nafasi ya kutuma ujumbe, na mimi mwenyewe utumbo wangu ulikuwa bado haujajua hata kwamba kuna mgeni. Bibi Zaituni akapita na mwiko, "Nikuongeze?" Nikamwambia huku nacheka, mdomo umejaa, "Ongeza tu bibi, homoni zangu za shibe zinachelewa, bado ziko njiani!" Akacheka, akaongeza, akaenda.

Ndipo shehe mmoja akasimama, akainua mikono, akaanza kumwombea dua mtoto mchanga. Mtoto gani? Nikamuuliza aliyekaa karibu nami kwenye sinia, akaniambia, "Si huyu mjukuu wa Bibi Zaituni, leo iko akika yake." Nikashusha tonge. "Na wale wa upande wa pili, wanaoposa?" Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wale? Wale wanakunywa tu. Kwenye gusaba nani anapika?"

Sasa niwaeleze nilichokuwa sikijui mimi mwalimu. Kwa familia nyingi za huku, za zamani, siku ya kuomba mke watu wanakunywa na kusema, hawali, kula mbele ya wakwe ni kukosa haya, mtu mzima anaitunza njaa yake ndani, na mgeni akionekana anatafuta chakula anawatukana wenyeji kwamba nyumba yao haina kitu. Haya yote niliyaelewa kwa pamoja, nimeketi, mafuta mpaka kwenye kiwiko, na wakati huohuo kipaza sauti kikalia juu ya ua: "Msemaji wa wageni yuko wapi? Tunamwita msemaji wa wageni!"

Nilikimbia. Nikapangusa mikono kwenye leso, nikapangusa na suruali, nikaingia hemani natabasamu, watu wote wamekaa wananisubiri, Baba Nadine kakunja mikono, na Mzee Gaspari anauliza kwa upole wa hatari, "Msemaji, tulidhani umeghairi." Na mdomo wangu, badala ya kusema samahani tu, ukasema nilikuwa kwenye simu na wazee wa Buhinyuza, nikiwataka ushauri.

"Vizuri sana. Na wazee wamesemaje?"

"Wamesema," nikaificha leso mfukoni, "wamesema tuwe na subira."

Nilikuwa nimesema neno subira, halijatua chini, lango likafunguliwa na Bibi Zaituni akaingia, na mimi najua mpaka leo kwamba hakuwa na nia mbaya hata chembe, akaingia na koti langu mkono mmoja na sahani iliyofunikwa mkono wa pili, akasimama katikati ya pande mbili palipo chungu cha mtama, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto, "Jirani, munisamehe. Hii koti iko ya ule mgeni wenu, aliisahau kwangu kwenye kula. Na alisema hajashiba, ati shibe yake inachelewa, iko njiani. Basi nimemuletea ile imebaki."

Hapakuwa na mtu aliyecheka. Ningetoa chochote mtu acheke.

Baba Nadine akasimama. Kwa desturi yeye hasemi, msemaji wake ndiye anayesema, kwa hiyo aliposimama wote tukajua mambo yameharibika. Akasema taratibu, "Kumbe tumewapokea vibaya mpaka msemaji wao amekwenda kuomba chakula kwa jirani, halafu anarudi kutudanganya. Nilisema mimi. Nilisema hatuwajui hawa." Nikamwona Nadine mlangoni, amevaa, amependeza, mkono uko mdomoni. Nikamwona Daudi, na Daudi hakuwa ananitazama kwa hasira, afadhali angekasirika, alikuwa ananitazama kama mtu anayeona ukuta wake unaanguka na tofali la chini nililitoa mimi. Iliniuma hapa. Mnacheka, lakini iliniuma.

Basi nikaiweka chini maikrofoni, nikavuka ule uwanja wa katikati, nikapiga goti mbele ya Baba Nadine na suruali yangu ya mafuta, nikasema ukweli kwa Kirundi kisichofanyiwa mazoezi. Nikasema, "Mzee, nimewadanganya, sikuwa kwenye simu. Na nyumba yako haina kosa. Sisi tulikokulia, sherehe ni kula, nikadhani mmepika, nikadhani wale ni wapishi wenu. Nikawakataza ndugu zangu wote wasile tangu asubuhi ili wakiheshimu chakula chako. Wamekaa hapa na njaa kwa ajili ya ujinga wangu, hakuna hata mmoja aliyelalamika. Niadhibu mimi. Daudi hana kosa, ana kaka tu. Sisi tumerudi, mzee, lakini desturi zenu bado tunajifunza."

"Desturi zenu?" akasema. "Za nani? Wewe si Mrundi?"

Nikainamisha kichwa. Uso wake ukabadilika, akageuka akatazama upande wetu, mama yangu ameketi mbele na mkoba wake mapajani, akamuuliza kwa heshima, "Mama, ni kweli haya? Umekaa na njaa tangu alfajiri nyumbani kwangu?"

Mama akasimama, akatengeneza kitenge. Mama yangu ni mtu wa kanisa, hasemi uongo hata wa kusaidia.

"Hapana, baba," akasema. "Sisi tulikula viazi pale Muyinga, yeye alipokwenda kutafuta mafuta. Wote tulikula. Dereva ndiye hakula nasi, alikuwa na mahindi yake."

Nikageuka kuwatazama. Ukoo mzima ulikuwa unatazama chini. Yule shangazi wa vumbi alikuwa amejifunika uso kwa kitenge na mabega yanatikisika. Ile adabu ya njia nzima, ule utulivu, kule kutawala homoni, kumbe ni viazi!

"Tulimwachia vyake," mama akaendelea, akafungua mkoba mbele ya watu wote, akatoa lile jani la mgomba, akalifunua, viazi viwili vikubwa vimelala. "Hakutaka kunisikiliza. Viazi vyake hivi hapa."

Aliyeanza kucheka alikuwa Mzee Gaspari, alicheka mpaka fimbo ikamwanguka, akafuata Bibi Zaituni, halafu shangazi zao, halafu zetu, hema likawa moja, pande zikachanganyika, na mwishowe, mwishowe kabisa, Baba Nadine akaketi akafuta macho. Akasema, "Watu wanaomtii mama kama hawa, naweza kuwapa binti. Asiyetii ni mmoja tu, naye hakuja kuoa." Kisha akanyoosha kidole kwenye viazi. "Lakini faini ipo. Msemaji avile. Hapahapa, mbele yetu, amalize. Akimaliza, tunaendelea."

Na ndugu zangu, wakati huohuo, nikiwa nimepiga goti, shibe ilifika. Wajumbe wote wa utumbo walifika Gitega kwa pamoja, wakabisha hodi mpaka kooni, pilau ya watu wanne ikaanza kujitambulisha, na mimi nimeshika kiazi baridi kinene kama mguu wa mtoto. Nikamwangalia mama kuomba huruma. Mama akasema, "Kula, mwanangu." Nikamwangalia Daudi, na Daudi, mtu wa maneno machache, akasema neno moja: "Kaka." Basi nikauma.

Mtu mzima, msemaji, mwalimu wa lishe, nikatafuna kiazi kitamu mbele ya wakwe, machozi yananitoka, kila ninapomeza shangazi wa pande zote mbili wanapiga vigelegele, Mzee Gaspari ameokota maikrofoni ananisogezea mdomoni ili watu wa barabarani nao wasikie nikitafuna. Cha kwanza kikaisha. Cha pili sijui kilipitia wapi, nadhani Mungu alisogeza kitu ndani. Nilipolamba vidole Baba Nadine akaita binti yake, akamuuliza mbele yetu, je, umemwona shemeji yako, bado unataka? Nadine akatupia jicho kwa Daudi, akasema, "Ninataka. Ila huyu asipewe maikrofoni tena." Wakachukua mirija, Mzee Gaspari akaniita kwenye chungu tunywe pamoja, nikamwambia mzee wangu, nimeshiba, na ndilo neno la kweli kuliko yote niliyosema siku ile.

Harusi ilifungwa, mimi nikakaa nyuma, kimya. Asubuhi ya siku hiyo, kabla hatujatoka, mama alikuja chumbani kwangu na sahani ya viazi, akasimama pale pale mlangoni mpaka nikameza cha mwisho, na sikumwambia chochote kuhusu homoni. Nimeapa, na kiapo changu ni chepesi: sitoki nyumbani tumbo tupu kwenda kwa wakwe, na kabla sijawaambia watu wasile, nitamuuliza mama kwanza. Grelini bado naifundisha, maana ni kweli yote, daktari hakukosea, aliyekosea ni mimi niliyedhani kuijua ni kuiamrisha. Ila Jumatatu ya kurudi kazini baada ya ile posa, nimesimama mbele ya akina mama na mwiko wangu, nimeanza tu kusema kwamba shibe inachukua muda kufika, mama mmoja wa nyuma, ana mtoto mgongoni, akainua mkono kwa heshima zote.

"Mwalimu, na ile yako ya Gitega, ilishafika?"

"Ilifika, mama," nikamjibu. "Ilinikuta na kiazi mdomoni."